Pete Bila Subana

Babu Gaspard alikuja kwa uchochoro wa nyuma, kama ilivyo desturi ya mtu ambaye hajapita mlango wetu wa mbele tangu mwaka 1973. Alikuwa akisukuma baiskeli, na nyuma kwenye keria alikuwa amefunga kwa kamba kitu kilichofunikwa taulo la jikoni. Nilidhani ni mtoto wa nguruwe. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kiwandani, ambako tangu alfajiri huwa natazama maharage mabichi yakipita kwenye mkanda kabla hayajagandishwa, nachomoa yaliyooza na mara mojamoja chura. Mtu wa kazi hiyo akifika nyumbani anaweza kudhani lolote.

"Shikamoo, Babu Gaspard."

"Marahaba. Acha adabu za kuazima. Yupo?"

"Nani?"

"Usijifanye mjinga, huo ujinga waachie ukoo wa mama yako. Yule."

"Yule" ni babu yangu mzaa baba, Odiel, mdogo wake Gaspard, tumbo moja, ziwa moja. Odiel anakaa na sisi; kati ya nyumba yetu na ya Gaspard zipo nyumba nne. Na kwa miaka thelathini na mmoja wawili hawa hawajaambiana hata "mvua inanyesha", katika nchi ambayo mvua ndiyo salamu.

"Yupo sebuleni, anaangalia mbio za baiskeli kwenye televisheni. Nikamwite?"

"Jaribu, uone kama mkono huu umezeeka."

Nikamsaidia kuingiza mzigo gerejini, pale kwenye meza yangu ya kazi. Akafunua taulo. Ilikuwa saa ya njiwa, ya zamani: sanduku la mti wa mwaloni, ukubwa wa mkate mzima, pembe zake za shaba zimeota kutu ya kijani, juu yake kidirisha cha kioo na tundu la kutumbukizia pete. Saa yenyewe. Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, sikuwahi kuiona.

"Inatembea?"

"Ingetembea ningekuletea wewe? Inakwenda hatua kumi, inasimama kupumua. Kama mimi."

"Lakini mimi ni fundi wa maharage, babu."

"Ulisomea saa sekondari ya ufundi miaka sita, na kodi yangu imo humo. Sasa sikiliza, Hilke. Jumapili ya wiki ijayo ndiyo mwisho wa chama chetu cha njiwa. Tumebaki tisa, na wawili kati yetu hawaoni. Katibu Godelieve amesema mashindano ya mwisho yatapigwa kwa saa za zamani, hakuna mashine za umeme. Nataka hii iwe pale mezani inatembea sawasawa. Na yule aifungue mbele za watu aone ni saa nzima. Saa hii haijawahi kusema uongo."

"Nisimwambie?"

"Ukimwambia nitaichukua nikaizike na mimi."

Kisa chenyewe, kila mtoto wa kijiji chetu anakijua kabla hajaijua Baba Yetu. Njiwa wa mashindano huvishwa mguuni pete ya mpira yenye namba, jioni ya kuandikishwa. Akirudi kutoka Ufaransa, anakopelekwa kuachiwa, mwenye njiwa humkamata bandani, humvua ile pete, huitia kwenye kikopo cha shaba kidogo kama subana ya fundi cherehani, na subana ndilo jina tunalokiita. Subana huitumbukiza kwenye tundu la saa, huzungusha ufunguo, na saa hugonga muda kwenye karatasi iliyo ndani. Sanduku limefungwa kwa lakiri ya risasi. Hakuna wa kulifungua ila mfungua saa wa chama, jioni, mkahawani, mezani, mashahidi wakiwa wamesimama.

Mwezi wa sita mwaka 1973, kwenye mashindano ya kutoka Bourges kule Ufaransa, jike mmoja wa bluu wa Gaspard alirudi wa kwanza kijijini. Hivyo ndivyo Gaspard anavyosema. Jioni mfungua saa akakata lakiri. Karatasi ilikuwa imegongwa: saa kumi na dakika nne na sekunde ishirini na mbili. Chumba cha pete kilikuwa kitupu.

Saa iliyogongwa bila pete, kwetu sisi, ina maana moja. Mtu ameiba dakika: amegonga saa njiwa akiwa bado angani, akitumaini kwamba baadaye atapata namna ya kuipenyeza pete. Mfungua saa akaandika kwenye fomu, "Hakuna." Gaspard akasimama juu ya kiti, akasema pete ilikuwemo, na aliyeichomoa ni huyuhuyu aliyefungua.

Huyuhuyu aliyefungua alikuwa Odiel.

Chama kikamfungia Gaspard mwaka mzima. Akahamia chama cha kijiji cha jirani, akanunua saa nyingine, na hakurudi mpaka kile cha jirani kilipokufa kwa kukosa watu. Tangu siku ile kijijini kwetu mmoja ni mlaghai na mwingine ni mwizi. Yupi ni yupi, inategemea umekaa meza gani. Mimi shuleni waliniita "mjukuu wa mchomoa pete". Babu Odiel mpaka leo akiingia kwa muuza nyama, yupo mpumbavu mmoja atakayefunika vidole vyake na kusema, "Ficheni pete zenu." Babu hucheka naye. Akifika nyumbani hukaa na koti lake mwilini nusu saa nzima kabla ya kulivua.

Kwa hiyo niliikubali kazi, tena si kwa wema. Nilitaka kuona ndani.

Kabla hajaondoka Gaspard alitoa mfukoni chupa ya haradali yenye subana zake. Nikazimwaga mezani, nikazihesabu.

"Kumi na mbili kamili! Hongera, babu. Wenzako wamepoteza zote, wamepoteza na meno."

Hakucheka. Alizitazama zile subana kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Zirudishe kwenye chupa," akasema, akageuza baiskeli yake.

Nilikuwa na siku tisa. Kila alasiri niliketi gerejini na soksi mbili mbili, mbele yangu mashine ambayo mafuta yake ya mwaka 1973 yalikuwa yamegeuka gundi. Niliifungua kipande kwa kipande. Mpangilio niliuchora nyuma ya karatasi ya kufungia chipsi, ndiyo maana mpaka leo mchoro wangu wa giya una doa la mayonezi mahali pa springi kuu. Nikaosha meno ya giya kwa benzini, nikayasugua kwa mswaki, nikayakausha kwenye gazeti. Springi ilikuwa imelegea kama suruali ya mjane. Nikaagiza nyingine kwa mzee mmoja wa mjini Kortrijk ambaye kwenye simu alinishauri mara tatu niitupe saa.

Sikuwa na nguvu. Nasema kweli, sijui watu wa vitabuni wanapata wapi nguvu za kurekebisha vitu vya kale huku wakitabasamu. Jumatatu nilisinzia na kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, nikaamka na duara jekundu usoni. Kesho yake kwenye mkanda wa maharage mwenzangu akaniuliza nani kanipiga. Nikamwambia ni mwanamume wa mwaka 1973.

Jumanne hiyo nikairudisha mashine kwenye sanduku lake, nikaitia ufunguo. Ikaanza. Nilikuwa sijamaliza kufurahi niliposikia ndara na fimbo kwenye ujia. Babu Odiel alisimama mlangoni pa gereji. Taulo la Gaspard nililitupa juu ya saa, lakini saa hainyamazi kwa taulo.

Akasikiliza, kichwa upande.

"Hiyo ni ya Gaspard."

"Babu, saa zote zinasema tik."

"Zote zinasema tik. Hiyo inasema tik halafu inavuta mguu. Nimeifungua miaka kumi na mmoja, unanifundisha?"

Nikaongeza gazeti juu ya taulo.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema nisikwambie."

"Basi usiniambie." Akageuka kuondoka. Akasita, mkono kwenye fremu ya mlango. "Yuko vipi?"

"Amechoka."

"Mm," akasema babu. "Na mimi." Akarudi kwenye mbio zake za baiskeli.

Kuvuta mguu nilikuondoa Jumatano. Meno mawili ya giya moja yalikuwa yamepinda. Ikabaki sahani. Ndani ya saa ya njiwa mna sahani nene ya shaba yenye vyumba kumi na viwili kuizunguka, kila chumba cha subana moja, na kila ukizungusha ufunguo sahani husogea chumba kimoja. Ya Gaspard ilikuwa ikifika chumba cha nne inanata. Alhamisi nikaipindua nione tatizo.

Sahani imeshikwa chini kwa skrubu tatu. Juu ya kila skrubu palikuwa na tone la rangi nyekundu, walilotia kiwandani siku saa ilipoundwa, na hata tone moja halikuwa limevunjika. Maana yake, tangu kiwandani hakuna bisibisi iliyogusa pale, si ya Gaspard, si ya Odiel, si ya mtu yeyote. Mfungua saa hafungui skrubu. Kazi yake ni kukata lakiri, kuchungulia vyumba, kusoma karatasi.

Nilishika kopo la benzini mkono wa kulia. Nilitaka kumimina tu, iyeyushe uchafu wote, nikalale. Kilichoniokoa ni uvivu: beseni la kukingia lilikuwa mbali. Nikaona kuliko kusimama, heri nifungue kwanza.

Chini ya sahani, palepale inaponatia, palikuwa na kitu cheusi kilichojikunja kama mnyoo uliokaukia juani. Nikakikamata kwa kibano, pole pole, kwa maana kilikuwa kimekuwa kikavu kama biskuti. Nikakipeleka kwenye taa. Mpira. Pete. Namba yake ilisomeka vizuri: 4417.

Nikaketi.

Upenyo kati ya sahani na bamba lililo chini yake hauingizi hata ukucha. Subana haiwezi kupita pale hata ukiipiga nyundo. Pete ya mpira peke yake, laini, bila subana, itateleza humo siku ya kwanza. Nikatazama chupa ya haradali kwenye rafu. Kumi na mbili kamili, nilikuwa nimempa hongera.

Mwaka 1973 mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja alimkamata njiwa bora wa maisha yake, akamvua pete kwa haraka, akaitumbukiza kwenye saa tupu vilevile, bila subana, akazungusha ufunguo. Basi. Hakuna aliyeiba dakika, hakuna aliyechomoa pete.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akagonga ukuta. Halafu kicheko kikanikauka. Pete hii ilimtoa babu yangu kwenye wizi na ilimtoa Gaspard kwenye ulaghai, lakini ilimwachia Gaspard kitu kibaya zaidi. Mlaghai ana watu wanaomwogopa, na aliyeonewa ana watu wanaomhurumia. Aliyesahau subana ana nini?

Nikaitia pete kwenye kiberiti kitupu. Ijumaa, baada ya maharage, nikaenda kwake.

Nilimkuta bandani juu, ameketi kwenye gunia la mahindi na kopo la karanga mkononi, madume wakimzunguka miguuni kwa kiburi chao. Jiko lake dogo la makaa lilikuwa linawaka kwenye kona, hatua nne kutoka alipokaa.

"Inatembea?"

"Inatembea. Haivuti mguu tena."

"Ilikuwa inavuta mguu?"

"Yule wa bluu," nikasema, "alivaa namba gani?"

"Elfu nne mia nne kumi na saba." Alijibu bila kufikiri, kama mwingine anavyotaja tarehe yake ya kuzaliwa.

Nikampa kiberiti. Akakifungua. Dume mmoja akarukia goti lake akitafuta karanga, na yeye hakumwona.

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya sahani. Skrubu za pale hazijaguswa tangu kiwandani." Nilikuwa nimeandaa utani wa aina tatu njiani. Wote uliniishia. "Babu, subana haiwezi..."

"Najua."

"Maana upenyo wa pale..."

"Hilke. Nimesema najua."

Akafunga kiberiti, akakifungua tena, akakifunga.

"Jumatatu yake asubuhi, marehemu mke wangu Alida aliosha subana, kama kila Jumatatu. Akazipanga dirishani zikauke. Akaniambia, 'Gaspard, ziko kumi na mbili.' Kama Odiel alichomoa pete, angeichomoa na subana yake, au sivyo? Zingekuwa kumi na moja. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Alinyamaza miaka kumi na tisa, mpaka tukamzika."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Sikujua. Ningejua ningefanya jambo. Nilikuwa sijui, kila siku. Unadhani hiyo ni kazi ndogo? Unaamka, unalisha njiwa, unasafisha kinyesi, na hujui. Maharage yako ni mchezo wa watoto."

"Si ungefungua uangalie?"

"Na nikiikuta?"

Nje mvua ilianza kugonga bati. Njiwa wakajikunyata wote kwa pamoja, kama watu waliokumbushwa deni.

"Mimi shuleni," nikasema, "waliniita mjukuu wa..."

"Najua walivyokuita. Neno lile nililianzisha mimi." Akakiweka kiberiti kwenye mfuko wa shati. "Sasa nenda kalale. Una duara usoni kama bundi."

"Utafanya nini nayo?"

"Ni yangu au si yangu?"

Ilikuwa yake. Niliteremka ngazi nikijilaani kila kidato, kwa sababu ushahidi pekee wa jina la babu yangu nilikuwa nimeuacha hatua nne kutoka kwenye moto.

Jumamosi jioni nikaipeleka saa mkahawani kwa Godelieve, Gaspard akanifuata nyuma na kikapu chenye njiwa mmoja. Godelieve ndiye katibu wa chama, mweka hazina, mpishi, na mtu pekee anayeweza kumfukuza Firmin, mzee wa chama asiyejua kwenda kwao. Alikuwa amemwomba Babu Odiel arudie kazi yake ya zamani siku hiyo moja, kwani kufungua saa zile hakuna mwingine aliyekumbuka. Babu akazilinganisha zote tisa na saa mama, ile ya chama inayofuatwa na nyingine zote, akazifunga kwa lakiri. Alipofika kwenye ya Gaspard alichungulia vyumba vyake vyote kumi na viwili, kimoja kimoja, vilikuwa vitupu. Akafunga, akabana risasi kwa koleo. Hakuinua uso. Gaspard naye alikuwa akisoma tangazo la gesi ukutani kwa makini makubwa.

Jumapili ilianza vibaya. Redio ikasema ukungu, njiwa wanasubiri. Ikasema tena wanasubiri. Ikaja kusema wameachiwa wakati watu wametoka misani na wameshakunywa ya pili. Saa kumi na moja jioni zile saa tisa zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu ambayo zamani, wanasema, zilijaa arobaini na mbili. Gaspard aliingia wa mwisho, saa yake imefungwa taulo la jikoni. Nilimtazama usoni nisome chochote. Hakikusomeka kitu.

Babu akaanza. Anakata lakiri, anafungua, anasoma, Godelieve anaandika. Kila risasi aliikata mara mbili ndipo ikaachia. Hakuna aliyeharakisha, wote pale walikuwa wamechoka namna moja, kama watu wanaosubiri basi la mwisho na wanajua litakuja.

"Vandeputte, G.," akasema babu kwa sauti ya ofisi, kana kwamba jina la ukoo si lake. Kata. Kata tena. Akafungua. "Chumba cha kwanza: pete, ndani ya subana. Saa saba na dakika kumi na moja."

"Wa tisa kati ya tisa," akasema Godelieve.

"Gaspard, njiwa wako alipitia kanisani?" Firmin akamtania.

"Alikuwa anakuombea wewe, akachelewa. Orodha ilikuwa ndefu."

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Alikuwa ameikaribisha karatasi machoni.

"Kuna muda wa pili."



"Ulileta njiwa wangapi, Gaspard?" akauliza Godelieve, ingawa alijua, yeye ndiye aliyeandikisha.

"Mmoja."

Saa imegongwa mara mbili, njiwa mmoja. Nikaona nyusi za Firmin zikipanda, nikaona wazee wawili wakitazamana, na kwenye macho yao niliona mwaka 1973 ukivuta kiti na kukaa.

Babu akaingiza vidole viwili kwenye chumba cha pili. Akatoa subana. Akaipindua kwenye kiganja, kikadondoka kipete cheusi, kikavu, kilichojikunja. Akakitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Elfu nne..." akaanza.

"Mia nne kumi na saba," Gaspard akamalizia. Akageukia meza nzima, na alisema kwa nguvu, kama anayetangaza msiba. "Mwaka ule niliitia bila subana. Kwa pupa. Ikaanguka chini ya sahani, na imekaa humo mpaka huyu mtoto alipoifungua. Hakuna aliyechomoa kitu. Mmesikia? Firmin, masikio yako yanafanya kazi?"

"Yanafanya," akasema Firmin, kwa sauti ndogo.

Jikoni mafuta ya chipsi yalikuwa yanachemka peke yake. Babu aliendelea kukizungusha kile kipete kiganjani.

"Nilikuwa na saa arobaini na mbili siku ile," akasema hatimaye, akimwambia kipete zaidi kuliko mtu. "Sijala tangu asubuhi. Nilichungulia tu chumba, nikaandika. Ningeitikisa saa ningesikia."

"Ungesikia nini? Mpira una sauti?"

"Ningeitikisa hata hivyo."

"Mm," akasema Gaspard.

Babu akairudia karatasi, na pole pole ile sauti yake ya ofisi ikarudi. "Tena hata leo umekosea. Kumi na dakika nne, sawa. Lakini ilikuwa sekunde ishirini na mbili. Hapa umegonga hamsini."

"Vidole," akasema Gaspard. "Nilikaa na ufunguo mkononi tangu saa tisa nikingoja dakika ileile ya mwaka ule, ilipofika vikakataa."

"Umechelewa sekunde ishirini na nane."

"Basi andikeni."

"Niandike wapi?" Godelieve akalalamika. "Fomu haina sehemu ya hivyo."

"Andika tu!" wakasema wote wawili.

Mimi nilikuwa nimebeba hata leso. Nilitegemea wakumbatiane, au angalau mmoja amshike mwenzake bega. Babu alisema mguu unamuuma. Gaspard akavuta kiti kwa wayo bila kuinuka, akakisukuma upande wake, na babu akakaa. Wakawa wameketi bega kwa bega mbele ya saa tisa, zote zikitembea, hakuna mbili zinazopatana. Godelieve akaleta chipsi na nyama iliyopikwa kwa bia, sahani moja kubwa, uma mbili.

"Zina chumvi hizi?" akauliza Gaspard.

"Hazijawahi."

Wakala. Baadaye babu akainamisha kichwa kuelekea kwenye sanduku la mwaloni, akasikiliza.

"Hilke. Bado inavuta mguu."

"Haivuti, babu. Nimebadilisha..."

"Inavuta," akasema Odiel.

"Inavuta kabisa," akasema Gaspard, mdomo umejaa.

Siku tisa, springi mpya, giya nimelinyoosha kwa mkono, jicho nusura linitoke. Ningeweza kubisha. Lakini kesho ilikuwa Jumatatu na maharage yanaanza alfajiri. Nikaunyoosha mkono, nikajichukulia chipsi.